Barua ya wazi: Ukumbi na skuli ya zamani visibomolewe kabla ya kuangaliwa

Kwa waheshimiwa wote wenye dhamana ya elimu, majengo ya umma na mambo ya kale, Pemba.

Assalaam aleikum.

Tumepata habari kwamba ukumbi wa kijiji chetu, pamoja na vyumba vitatu vya skuli vilivyoshikana nao, vimetiwa alama ya kubomolewa ili kiwanja kipate skuli mpya ya ghorofa. Skuli mpya tunaitaka, tena kwa haraka. Watoto wanaingia kwa mikondo miwili na bado wanabanana. Hatuandiki kuizuia. Tunaandika kwa sababu upande wa mashariki wa kiwanja kuna nafasi ya kuijenga bila kugusa jiwe hata moja la zamani, na kwa sababu sababu iliyotolewa ya kubomoa, kwamba jengo "limekwisha", si kweli. Jengo linaumwa, na ugonjwa wake unajulikana, na dawa yake ni rahisi kuliko tingatinga. Sisi ni waashi, maseremala na wanakamati wa skuli. Tutaeleza tunachokijua.

Hakuna kitabu kinachosimulia kijiji hiki kilivyopata skuli, kwa hivyo tunaanza na jengo lenyewe. Ingieni ukumbini, muangalie kati. Ukumbi una urefu wa mita 14 na upana wa mita 6, na katikati yake umepita mstari wa nguzo nne za mawe. Kila mgeni huuliza kwa nini nguzo zikawekwa pale pale watu wanapotaka kukaa. Jibu ni mkoko. Boriti ya mkoko iliyonyooka na yenye nguvu ya kubeba haiendi mbali, mita tatu au zaidi kidogo. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe za zamani, hata vile vya Mji Mkongwe, ni virefu na vyembamba. Waliojenga ukumbi walitaka mita sita. Wakaigawa kati, wakapandisha nguzo, wakalaza mwamba juu yake, yaani boriti ndefu ya kilele cha paa, na makombamoyo, yaani miti ya kubebea paa, yakashuka kutoka mwambani mpaka ukutani pande zote mbili. Vyumba vitatu vya skuli havina nguzo kwa kuwa upana wake ni mita tatu tu. Vyumba vya matofali vilivyo nyuma, vya mita sita bila nguzo, vimewezekana kwa kenchi za mbao zilizokuja baadaye. Kipimo cha chumba peke yake kinakwambia kipi kilitangulia.

Sasa tazameni ukuta wa kichwa, ule wa magharibi, kwa ndani. Chini ya bati unaonekana mstari mwengine wa paa, mkali zaidi, na plasta iliyo chini ya mstari huo imeiva rangi ya moshi. Huo ni mteremko wa makuti. Paa la makuti lazima lisimame wima kiasi ili maji yakimbie kabla hayajapenya, wakati bati linaridhika na mteremko mdogo. Paa lilipobadilishwa, mwamba uliachwa palepale na kuta za pembeni zikanyanyuliwa kwa safu tatu za matofali ya saruji. Safu hizo zinaonekana bado kwa sababu matofali na mawe hayashikani vizuri: pale yanapokutana pana ufa mwembamba unaofuata urefu wa kuta hizo kama ukanda.

Plasta ya zamani nayo ina habari. Mwagieni maji kiganja kimoja, mufute vumbi, mulete tochi karibu. Mtaona vidonge vyeupe vya ukubwa wa punje ya mtama na vichembe vyeusi vya mkaa. Vidonge ni chokaa ambayo haikuiva sawasawa, na mkaa ni wa magogo yaliyoichoma. Chokaa hii haikununuliwa kwenye mfuko, ilichomwa kwa tanuri la wazi, kwa mawe ya hapa hapa. Nyekundu inayoonekana ndani yake ni udongo wa shamba uliochanganywa na mchanga. Mwashi akiliona hilo anajua ukuta huu unataka kutengenezwa kwa kitu gani.

Skuli za serikali zilianza Unguja mjini mwaka 1905, wakati wa Sultani Ali bin Hamoud. Zilipofika mashamba zilikuta vyuo vya Kurani vimeshatangulia, na wazazi wengi hawakuwa tayari kumtoa mtoto chuoni kumpeleka skuli. Chumba cha kwanza kati ya vile vitatu kina mashubaka matano, yaani vidaka vya kuwekea vitu ndani ya ukuta, upande wa kibla, yaliyopigwa chokaa laini mpaka ndani, kwa urefu ambao mtoto aliyekaa chini anaufikia kwa mkono. Vyumba viwili vyengine havina. Watu wa makamo hapa wote wanakiita chumba kile "chuoni" mpaka leo, ingawa kwa miaka mingi kimekuwa darasa la kawaida. Tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane baada ya Mapinduzi, Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila malipo, na vyumba vya mita tatu havikuweza tena kubeba watoto waliokuja. Ndipo yalipoanza madarasa ya nguvu za wananchi: kijiji kinachimba msingi na kupandisha kuta mpaka linta, serikali inaezeka na kumaliza. Jengo la nyuma ni la mtindo huo. Kwa hivyo katika kiwanja kimoja munazo zama tatu zimepangana, chuo, skuli ya mkoloni na skuli ya Mapinduzi, na ukitoa moja mbili zilizobaki hazielezeki.

Ukumbi wenyewe umefanya kila kazi: maulidi, harusi, chanjo, kisomo cha watu wazima, mikutano ya sheha. Msimu wa karafuu ukikutwa na mvua, ndimo zinamokimbizwa. Sakafu ya upande wa kusini imechukua rangi ya kahawia kwa mafuta ya karafuu, na siku za joto harufu inapanda.

Tuje kwenye ugonjwa. Ukuta wa mawe na chokaa unavuta maji kutoka chini, siku zote, na Pemba maji hayapungui. Zamani hilo halikuwa tatizo, kwa sababu chokaa ina vinyweleo: unyevu unaoingia chini unatoka kupitia plasta, na jua na upepo vinamaliza kazi. Chumvi inayokuja na maji hubaki juu ya plasta kama unga mweupe, unaifagia, basi. Miaka iliyopita, katika ukarabati ambao hatutamtaja aliyeusimamia, kuta zote zilipigwa plasta ya saruji kutoka chini mpaka mita 1.2, ndani na nje, zikamaliziwa kwa niru na rangi ya mafuta. Ilipendeza mwaka mmoja. Saruji imeuziba mdomo wa ukuta. Maji hayakuacha kuingia, yamekosa pa kutokea tu, kwa hivyo yakapanda juu zaidi mpaka yakaupita mstari wa saruji, na sasa plasta nzuri ya zamani iliyo juu ya mstari ndiyo inayomwagika. Nyuma ya saruji chumvi inaganda, inavimba, na inalisukuma ganda zima. Gongeni kwa mpini wa nyundo kuanzia mlangoni: mahali pazima panatoa sauti fupi, mahali palipoachana panalia kama mtungi mtupu. Tumegonga ukuta wote wa kusini na kuchora mipaka kwa mkaa, na zaidi ya nusu unalia.

Makosa mengine mawili yanausaidia ugonjwa huo. Ardhi ya nje imepanda, kwa kufagiliwa taka na kumwagiwa vifusi, na upande wa kaskazini iko juu kuliko sakafu ya ndani. Tena bati halina michirizi, na maji yanaanguka futi moja kutoka ukutani, yanachimba mfereji, yanatuama. Ncha za makombamoyo pembe ya kaskazini zimeoza kwa sababu misumari ilipigwa kwenye bonde la bati badala ya mgongoni, na kila tundu likawa mfereji.

Hayo ndiyo yanayoitwa "jengo limekwisha". Mawe yenyewe ni mazima. Tumepima wima wa kuta kwa timazi katika sehemu kumi na mbili. Penye mwelekeo mkubwa kabisa, kwenye ukuta wa urefu wa mita 3.2, timazi imeachana na ukuta kwa sentimita mbili. Ukuta una unene wa nusu mita. Sentimita mbili si kitu.

Matengenezo yanaanza na maji, si na plasta. Anayeanza na plasta atairudia. Udongo wa nje uteremshwe mpaka uwe chini ya sakafu kwa sentimita 15 hadi 20. Kisha uchimbwe mtaro nusu mita kutoka ukutani, upana sentimita 30 na kina sentimita 40, ujazwe kokoto, uelekezwe bondeni. Usichimbwe kwa kuugusa ukuta na usipite kina cha msingi: misingi ya zamani ni mifupi, na ukiuondolea udongo unaoushikilia, ukuta unasogea. Hapo kila mtu akumbuke jinsi sehemu ya Beit el Ajaib, jumba la kale la Unguja mjini, ilivyoporomoka tarehe 25 Disemba 2020 huku mafundi wakiwa kazini, na wawili wakafa. Kabla ya kutoa kombamoyo lolote lililooza, mwamba uwekewe magadi ya mbao, yaani miti ya kuuegemeza, pande mbili, na kazi iende kwa hatua ya mita moja na nusu, usifunuliwe upande mzima kwa siku moja. Michirizi ifungwe, na maji yake yaingie kwenye tangi la skuli.

Baada ya hapo saruji yote ibanduliwe, pamoja na plasta iliyoharibika juu yake, mpaka urefu wa mita 1.5, yaani juu kidogo ya pale unyevu ulipofika. Itolewe kwa patasi na nyundo ndogo, patasi ikilazwa upande ili isiumize mawe. Ukuta uachwe wazi wiki sita au zaidi ukauke, na kila asubuhi chumvi inayotoka ifagiliwe kwa brashi kavu na kuzolewa. Isioshwe, kwa sababu ukiiosha unairudisha ndani.

Hesabu ya plasta tumeifanya. Kuta za ukumbi kwa ndani na nje, mpaka mita 1.5, ukitoa milango na madirisha, ni karibu mita za mraba 110. Kwa unene wa sentimita 2.5, pamoja na kujaza mashimo, inahitajika mita za ujazo 3.3 za mchanganyiko. Kwa kipimo cha chokaa moja kwa mchanga tatu, hiyo ni ndoo 55 za lita 20 za chokaa iliyolowekwa na ndoo 165 za mchanga. Wasiozoea kazi hii watajumlisha 55 na 165 na kusema tumezidisha. Hatukuzidisha: chokaa inaingia kwenye nafasi zilizo baina ya chembe za mchanga, kwa hivyo wingi unabaki ule ule wa mchanga. Mchanga uwe wa nchi kavu, uliochekechwa. Wa pwani una chumvi, na chumvi ndiyo tunayoitoa.

Chokaa ndiyo inayopanga kalenda. Haitumiki siku inapotoka tanurini. Mawe yakishaiva hutiwa maji mpaka yavunjike yenyewe, kisha chokaa hukaa shimoni chini ya maji miezi mitatu, kwa sababu vidonge visivyozimika vikiingia ukutani vitavimba baadaye na kurusha plasta vipande vipande. Tukichoma sasa hivi, wakati wa kaskazi, chokaa italala shimoni masika yote, na tutapiga plasta wakati wa kipupwe, jua likiwa pole. Hakuna msimu bora zaidi, kwa sababu chokaa haitaki kukauka haraka. Ukuta unaloweshwa kwanza, tabaka la kwanza linarushwa kwa mwiko, linaachwa wiki nzima, ndipo linakuja la pili, na kila tabaka linafunikwa magunia mabichi siku tano hadi saba. Likikimbizwa na jua linapasuka kama tope la shamba la mpunga. Mwisho ni chokaa nyepesi kama maziwa, mikono mitatu, hakuna rangi ya mafuta. Shimo la chokaa lizungushiwe uzio imara: chokaa iliyo moto inachoma ngozi na kupofua macho, na skuli imejaa watoto. Magogo ya tanuri yatakuwa ya minazi iliyozeeka. Mikoko haitaguswa.

Madaftari ni habari nyengine, na pengine yana hatari kubwa kuliko kuta. Kwenye kabati la ofisi yamo madaftari ya uandikishaji na ya mahudhurio, barua na risiti, na kabati limeegemea ule ukuta unaovuja unyevu. Mengi hayana tarehe kwenye jalada. Mtu anayejua anaweza kuyapanga bila tarehe. Risiti inayotaja rupia ni ya kabla ya 1936, kwa sababu mwaka huo Zanzibar iliingia kwenye shilingi ya Afrika Mashariki. Muhuri wa "Zanzibar Protectorate" haupiti Disemba 1963. Karatasi yenye "Jamhuri ya Watu wa Zanzibar" ni ya miezi michache tu, Januari mpaka Aprili 1964, na yenye "Tanganyika na Zanzibar" ni ya baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili lakini kabla ya jina la Tanzania kuanza Oktoba mwaka ule ule. Karatasi hizo ni adimu, na mtu asiyejua atazitupa kwanza, kwa kuwa ndizo zilizochakaa zaidi. Daftari la mahudhurio nalo, likisomwa pamoja na msimu wa karafuu, linaonyesha wiki ambazo darasa zima lilikuwa mikarafuuni. Hakuna pengine patakapokupa habari hiyo.

Tunaomba madaftari yatolewe ofisini kabla ya fundi yeyote kuingia. Yasitiwe mifuko ya nailoni, yatafanya jasho na kuota ukungu. Yalazwe, yasisimamishwe, ndani ya masanduku ya karatasi ngumu, kwenye rafu iliyoachana na sakafu na ukuta kwa kiganja kizima, ili mchwa aonekane akipanda. Ukurasa uliochanika usibandikwe utepe wa gundi, ufungwe ndani ya karatasi safi. Namba iandikwe kwa penseli. Kila ukurasa upigwe picha kwa simu iliyofungwa kwenye kitako, kwa mwanga wa dirisha bila taa ya simu, na nakala ziwekwe sehemu mbili, skuli na kwa watunza nyaraka wa serikali. Watu wawili wanaweza kupiga kurasa mia tatu kwa siku bila kuharakisha.

Jengo nalo lipimwe na kuchorwa, sentimita mbili za karatasi kwa mita moja ya ukuta, na kila chumba kipimwe pia kutoka pembe hadi pembe kwa mshazari. Bila mshazari mchoro utatoka mraba hata kama chumba si mraba, na vyumba vya zamani aghalabu si mraba. Na iulizwe hati ya kiwanja. Wazee wanasema sehemu ya ukumbi ni wakfu, na kama ni hivyo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana lazima iulizwe kabla ya lolote.

Tunajua magofu ya Ras Mkumbuu na Pujini yanalindwa, nasi tunafurahi. Lakini skuli ya kijiji haimo kwenye orodha yoyote, na ndiyo maana inaweza kutoweka kwa asubuhi moja.

Kuhusu skuli mpya, neno moja la kiufundi kwa kuwa watoto wetu ndio watakaokaa chini yake. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 utoe matofali 30 hadi 35 ya inchi sita, si 50, na yamwagiwe maji siku saba kabla ya kubebwa. Mchanga wa pwani usikaribie zege yenye nondo: nondo inashika kutu, inavimba, na zege inapasuka kutoka ndani. Tutakuwepo kuhesabu, na tunaomba kamati ya skuli iruhusiwe rasmi kufanya hivyo.

Ikiwa baada ya haya yote uamuzi utabaki wa kubomoa, basi ibomolewe kwa mikono kutoka juu kwenda chini, milango na makombamoyo yapewe namba na yalazwe juu ya magadi, mashubaka matano yakatwe mazima, na mawe yasiuzwe bali yajenge ukuta wa uzio wa skuli hiyo hiyo. Tunaliandika hili kwa uzito mkubwa, na hatulitaki.

Kijiji kinatoa magogo, mawe ya kuchoma, nguvu kazi ya kubandua na kuchimba, na mafundi watatu wa chokaa bila malipo. Kutoka kwenu tunahitaji barua ya kusimamisha ubomoaji, kibali na gari mbili za mchanga, michirizi mita 28, na mhandisi mmoja wa kukagua timazi zetu. Tanuri lazima liwashwe kabla masika haijaingia mwezi wa Machi, la sivyo chokaa haitakuwa tayari kwa kipupwe na ukuta utakaa na saruji yake mwaka mwengine. Ukumbi unafunguliwa kila Jumamosi baada ya alasiri. Njooni na tochi na nyundo ndogo. Alama za mkaa ziko ukuta wa kusini.

Wenu katika kazi,
Mafundi waashi, maseremala na kamati ya skuli, Pemba